Vibendera vya Mbele

Klabuni wanamwita Fagio. Kila wanapokwenda kushindana mbio kwenye milima ya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, yeye hubaki nyuma ya mkimbiaji wa mwisho, aking'oa vibendera vyekundu vya kuonyesha njia na kuvibana kwapani kama kuni. Jumamosi ile wa mwisho alikuwa Thelma, ambaye goti lake ndiyo kwanza lilikuwa limepona. Kila aliposimama kuhema, Fagio naye alisimama, mbali kidogo, akiwakagua kondoo kama mtu aliyekuja kununua. Hakumhimiza, wala hakukohoa. Vidole vyake vyekundu kwa baridi vilifungua na kufunga kamba ya mzigo wake, basi.

Walipokipita tu kilele, Thelma akaketi juu ya jiwe. "Ng'oa tu na vya mbele, mzee. Mimi nimechoka."

"Vya mbele si vyangu," alijibu, akimmegea keki ya tangawizi iliyopondeka mfukoni. "Mimi nang'oa ulivyovipita wewe. Ukilala hapa, tunalala sote, mimi, wewe na hawa kondoo."

Thelma akacheka, akageuka. Nyuma mlima ulikuwa mtupu, kana kwamba hapajawahi kupita mtu. Mbele, vibendera vilipepea hadi bondeni, vyote vikimngoja yeye. Akainuka, akaiachia miguu ikimbie mteremkoni.

"Taratibu, wee dada!" sauti ikamfuata, vijiti vikigongana kwapani. "Miaka yote hii hakuna wa mwisho aliyewahi kunikimbiza!"