Ngozi Isiyo na Mwenyewe

Baba yangu mkubwa amegawa nyama za ukoo wetu tangu kabla sijazaliwa, na sijasikia aliyerudi kwake analalamika. Desemba, tukishapanda kutoka Moshi, Arusha na Dar kuja kula Krismasi nyumbani mlimani, mbuzi huning'inizwa kwenye mparachichi naye huanza: kidari cha wazee, mgongo wa shangazi, mguu wa wakwe. Hata damu ina sufuria yake ya supu ya kisusio. Ngozi tu ndiyo haikuwa na mwenyewe. Ilitupwa kando, mbwa wakaigombania mpaka mtu achoke na kelele aifukie mgombani.

Mimi nashona makobazi mjini, nina wenzangu watatu. Soli tunakata kwenye matairi chakavu ya malori, juu tunaweka ngozi ya mbuzi. Mwaka juzi ngozi iliadimika. Zile nzuri zilinunuliwa mbichi zikaenda mbali, sisi tukaletewa viatu vya plastiki vinavyopasuka kabla ya Pasaka. Kiwanda kimoja kidogo njia ya Himo kilikubali kunisindikia mzigo wangu mwenyewe, ila kwa sharti: ngozi thelathini, zilizotiwa chumvi siku ileile ya kuchinja, zisizo na tundu la kisu. Nisipozipeleka mapema Januari, ningefunga karakana. Wenzangu sikuwaambia. Niliogopa kuwaona wakinitazama.

Novemba nikaalikwa kwenye mkutano hotelini, watu wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya, kuzungumzia uchumi wa mzunguko. Ukutani walionyesha mishale inayozunguka, kila kinachotoka kinarudi. Nilikumbuka kihamba cha mama, shamba lake la migomba, ng'ombe anakula mgomba na mgomba unakula samadi yake, nikacheka peke yangu. Lakini walisema na ya maana. Walikubaliana kuzisukuma serikali zao zitambue cheti kimoja cha ubora, ili makobazi yangu yakivuka kwenda Taveta yasikaguliwe upya. Nikatoka pale kichwa kimevimba, mkononi nina kipeperushi chenye mishale ileile na picha za namna ya kuchuna.

Jumapili yake nikapanda kwa baba mkubwa. Alikuwa anamkatia ng'ombe migomba. Nilimwamkia shikamoo, na kabla hajapata pa kukaa nikamkunjulia kipeperushi na kumweleza kwamba kisu chake kinatoboa ngozi. Namwambia hivyo yeye, aliyenifundisha kula nyama! Na sikupanda na hata kibuyu cha pombe ya mbege. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wangu ulikuwa mtupu na wenye kidole cha kumnyooshea mtu.

Aliisoma karatasi yote, polepole.

"Ngozi ikifukiwa mgombani, hairudi?"

"Inarudi, baba."

"Basi huo mzunguko wenu mmenikuta nao."

Akanirudishia karatasi yangu, akaendelea kukata migomba.

Nilishuka nimekasirika, na hasira zenyewe zilikuwa juu yangu mimi, maana alikuwa amesema kweli. Shangazi, dada yake, alinikuta njiani akanidai habari mpaka nikatoa yote.

"Wewe umekwenda kumwambia hajui kuchuna," alisema. "Ungemuuliza ngozi ni ya nani. Yule ni mgawaji. Kisicho na mwenyewe hakioni."

Wiki iliyofuata tulipanda naye, mimi nimebeba dumu la mbege. Kisu sikukitaja. Tulipokwisha kunywa mzunguko wa kwanza nikamuuliza, "Baba, kwenye mgao wetu, ngozi ni ya nani?"

Alikiweka kibuyu chini. "Sijawahi kuulizwa," alisema.

Siku ya Krismasi akasimama chini ya mparachichi kama kawaida yake. Akataja kidari, akataja mgongo, akataja mguu. Halafu akasema, "Na ngozi ni ya wake walioolewa hapa."

Wake wale walikuwa wamepika kwenye ukoo huu miaka nenda rudi bila fungu lenye jina lao. Walitoka jikoni wote, wakamzunguka mzee na mikono imekunjwa vifuani.

"Baba, taratibu na hicho kisu," alisema mmoja. "Hapo unapopita ni pangu."

Mzee alimtazama, akakiweka kisu chini, akaanza kuitenganisha ngozi na nyama kwa ngumi. Sijawahi kumwona akihangaika vile, na nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Chumvi niliileta mwenyewe. Habari ikashuka na kupanda mteremko, na wake wa majirani nao wakaanza kudai ngozi zao, kisha wakaniuzia.

Mwaka mpya ulinikuta na ngozi ishirini na tisa.

Siku moja kabla ya kwenda kiwandani, baba mkubwa aliingia karakanani amevaa koti lake la kanisani, kwapani ana furushi la majani makavu ya mgomba, chumvi ikimdondokea viatuni.

"Mama yako mkubwa amenituma," alisema. "Hii ni ya kwake. Angalia vizuri."

Niliinyanyua mlangoni, penye mwanga. Karibu na shingo palikuwa na tundu dogo lililonyooka kama mkato wa wembe.

"Hilo si la kisu," alisema haraka. "Mbuzi alijikwaruza kwenye senyenge."

"Naona, baba. Ni senyenge."

Kiwandani mkaguzi alipitisha kidole kwenye lile tundu, akanitazama. Nikamwambia ni senyenge. Alitikisa kichwa, akacheka, akaandika thelathini.

Karakana bado ipo, na tumekuwa sita. Ngozi ile ilipotoka kiwandani niliikata mwenyewe, nikamshonea baba mkubwa makobazi, tundu nikaliacha wazi juu ya kidole gumba. Huyavaa kila Jumapili. Na Desemba iliyopita, alipofika chini ya mparachichi, aliwauliza wake wa ukoo kwanza ngozi ya leo ni ya nani, ndipo akakunja mikono ya shati.