Kona ya Verla Tjaden

Verla Tjaden alikuwa na miaka sitini na mmoja, magoti mabovu, na hasira iliyokuwa haijapoa kwa miaka minne. Miaka ishirini na tatu ya maisha yake aliimalizia kwenye kiwanda cha mashine za kufulia hapo Kessel Grove, mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, akikagua rangi ya milango, na angekuwepo hadi leo kama kampuni ya uwekezaji ya Preston Haldane isingekinunua, ikakikamua, kisha ikakifunga na kusafirisha mitambo Mexico. Verla alipata kazi ya kupika shuleni. Mumewe, Gaylen, aliyekuwa fundi umeme wa kiwanda hichohicho, hakupata kazi wala bima ya matibabu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Akaanza kujidunga nusu kipimo cha insulini ili chupa ifike mwisho wa mwezi, wala hakumwambia mkewe. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu Verla alimkuta ameanguka ghalani, kando ya trekta, ameshakuwa baridi.

Siku ya mazishi Kessel Grove nzima ililia. Walileta nyama, walileta viazi vya kuoka, walileta keki ambazo hakuna aliyezila. Rhonda Eichhorn, jirani wa nyumba ya pili, alilia mpaka akashikiliwa. "Hatutamsahau Gaylen," walisema wote. Wakamsahau kabla theluji nyingine haijaanguka. Mimi siwalaumu kwa kusahau, maana kila mtu na mzigo wake, ila ninawalaumu kwa kuapa.

Ndipo akaja Dell Rasko. Alikuwa seneta anayetafuta uteuzi wa chama agombee urais, mikono ya shati imekunjwa, sauti imekwaruza kwa kupayuka. "Wamewaibia!" alikuwa akisema kila alipopanda jukwaani. "Wamewaibia, na bado wanawataka muwashukuru!" Aliketi jikoni kwa Verla, akala bakuli mbili za maharage ya pilipili pamoja na andazi la mdalasini, kama mwenyeji, akasikiliza habari za Gaylen mwanzo mpaka mwisho bila kuitazama simu yake hata mara moja. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na yule bwana alikuwa nayo ya kutosha pango zima.

"Niruhusu nimtaje mbele ya nchi nzima," alimwambia. "Haldane naye anautaka urais kwa chama hikihiki. Ajibu mbele ya watu."

"Mtaje," Verla alisema. "Mtaje mpaka akose usingizi."

Akamtaja kweli. Jina la Gaylen Tjaden lilisikika kwenye televisheni, kwenye redio, kwenye viwanja vya miji ambayo Verla hajawahi kukanyaga. Naye Verla alivaa beji ya nahodha wa kona ya Rasko na kupita nyumba kwa nyumba majira yote ya baridi, magoti yakimlia, akirudia hadithi ileile ya ghalani kwa kila aliyefungua mlango. Kila alipoirudia ilimuuma upya. Alijiambia maumivu hayo yana kazi.

Huko Iowa, kwenye uteuzi huu, wanachama hawatumbukizi karatasi kwenye sanduku. Wanakutana ukumbini na kusimama kona ya mgombea wao, jirani akimwona jirani. Kona isiyofikisha asilimia kumi na tano inavunjwa, na watu wake wanapewa nusu saa: waongezeke, au wahamie kwingine, au wasihesabike.

Jioni ya mkutano walifika watu sabini na wanane katika ukumbi wa michezo wa shule, palepale Verla alipokuwa akipakulia watoto chakula cha mchana. Mwenyekiti alikuwa Orville Tjaden, kaka yake Gaylen, mtu mpole wa kupenda kila mtu ampende, naye alikuwa upande wa gavana wa jimbo, mgombea wa tatu. Watu wa gavana walikuwa wamemwahidi nafasi ya kwenda mkutano mkuu wa jimbo, na suti alikuwa ameshapeleka kwa dobi.

Orville alihesabu. Gavana, arobaini na mmoja. Haldane, ishirini na saba. Rasko, kumi.

"Mnatakiwa kumi na mbili, shemeji," alisema, akiangalia karatasi. "Mna nusu saa."

"Wawili tu!" Verla aliwaambia wenzake. "Msitoke hapa. Nawafuata."

Akavuka ukumbi kwa yale magoti, moja kwa moja hadi kona ya gavana, akasimama mbele ya Darlys, mke wa Orville.

"Darlys, Gaylen alikuwa nani kwako?"

"Verla, usinianze mbele za watu."

"Ndiyo nakuanza mbele za watu. Nyumbani kwako nilikuja mara tatu ukanipa kahawa. Kahawa sitaki. Gaylen alikuwa nani?"

"Alikuwa shemeji yangu, na nilimpenda, na unajua."

"Basi kampende pale." Akaonyesha kona yake kwa kidole.

Mzee Wendell Haupt, mkulima wa mahindi mwenye miaka themanini na mbili, alikuwa ameketi karibu yao akisikiliza. Akacheka peke yake. "Mwanamke huyu angeuza theluji mwezi wa kwanza. Nishike mkono mama, nitakwenda. Mie gavana mwenyewe hata simpendi, huku nilifuata kiti cha kukalia tu."

Darlys akamtazama mumewe kule mezani. Kisha akachukua koti lake. Kuvuka ukumbi ule ni hatua ishirini tu, lakini mji mzima ulikuwa unatazama, na wa kona ya gavana walianza kumzomea. "Darlys! Leo utalala wapi?" Masikio yalimwiva, ila hakugeuka. Verla alikuwa mbele, kamshika Mzee Wendell, moyo umemjaa. Kumi na mbili. Gaylen amepata kumi na mbili.

Walipofika, kona haikuwa na mtu.

Wale tisa walikuwa upande wa pili, katikati ya watu wa Haldane, na mbele yao alikuwa Kirsten, mratibu aliyetumwa na makao makuu ya kampeni, akiwapanga mistari.

"Kirsten!" Verla aliita. "Umewapeleka wapi watu wangu?"

Kirsten alikuja mbio, simu mkononi. "Verla, samahani, nilikutafuta. Ni maagizo kutoka juu. Popote tulipopungua, tunamwongezea Haldane ili gavana asishinde. Haldane naye atatupisha majimbo ya kusini. Wamekubaliana mchana."

"Nani amekubaliana?"

"Seneta. Na Haldane."

"Nipigie hao wa juu."

Kirsten akapiga. Alipokea meneja wa kampeni, na Verla akaichukua simu. "Hapa ni Verla Tjaden. Mjane wa yule mnayemtaja."

"Verla! Nchi nzima inakupenda. Sikiliza, usiku huu ni mgumu, hii ni hesabu tu. Seneta hajabadilika hata kidogo."

"Amewapeleka watu wangu wakamsimamie aliyemuua mume wangu."

"Siasa wakati mwingine..."

"Kesho mna mkutano?"

"Tunao, mkubwa sana, na Seneta atamtaja Gaylen kwa heshima zo..."

"Mwambie nimemnyima ruhusa. Akimtaja tena mume wangu, nitapanda basi hadi popote alipo, nipande jukwaani, niwaeleze watu wake nilichokiona leo. Na mwambie akunjue ile mikono ya shati, kazi yenyewe hana." Akakata. Beji aliivua akaiweka kwenye kiganja cha Kirsten, bila kumtazama.

Kwa hasira ile angeweza kwenda nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Darlys alikuwa amesimama peke yake na Mzee Wendell katika kona tupu, amezomewa bure. Verla akageukia kona ya Haldane akaanza kuita kwa majina, sauti ile ya jikoni inayosikika juu ya watoto mia mbili.

"Lyle Beenken! Uliona mikono mingapi ya wenzako ikikatwa na zile mashine za kiwandani kabla Haldane hajazihamisha? Marva! Bima ya mwanao imekwisha lini? Rudini hapa! Si kwa Rasko. Rasko ametuuza. Rudini tusimame bila mtu! Sheria inaruhusu kusimama bila mgombea!"

"Inaruhusu, Orville?" Lyle aliuliza.

Orville alifungua kijitabu. "Inaruhusu. Wakifika kumi na mbili wanahesabika."

Lyle akatoka. Marva akatoka. Wakatoka mmoja mmoja, nyuso chini, mpaka wakawa wanane. Wa tisa alikuwa Rhonda Eichhorn, yule aliyeshikiliwa makaburini. Alibaki palepale, anakagua kucha zake.

"Rhonda," Verla alisema.

"Nimeshachoka kuhamahama," Rhonda alijibu.

Orville akaja na karatasi yake. Alihesabu kwa kalamu, akahesabu tena kwa midomo.

"Kumi na moja."

"Wewe ni wa kumi na mbili," Verla alimwambia.

"Mimi mwenyekiti, shemeji."

"Mwenyekiti ana haki ya kuhama. Umetusomea mwenyewe kile kijitabu mwanzoni. Gaylen ni ndugu yako, tumbo moja."

Kutoka pale alipokuwa Orville hadi kwenye kona zilikuwa hatua sita. Alimtazama mkewe, akatazama watu wa gavana waliokuwa wakimtikisia vichwa, akatazama saa ya ukutani.

"Muda umekwisha," alisema. "Haitoshi." Akaandika, na wale kumi na mmoja wakawa si kitu kwenye karatasi ya chama.

Darlys alivaa koti lake, akatoa funguo za gari mfukoni, akamshika Verla mkono. Walikuwa wameshafika mlangoni Orville alipoita.

"Darlys! Gari tulikuja nalo moja. Nje kuna theluji, na nyumbani ni maili mbili!"

Darlys aligeuka, na kila mtu akamsikia. "Hatua sita zimekushinda hapa ndani kwenye joto, Orville. Kajifunzie huko nje."