Filimbi ya Shemeji

Nilikuwa nimebakiza hatua chache tu kufika kwenye utepe. Niliuona vizuri, mwekundu, umeshikwa na wasichana wawili, na nyuma yake, juu ya meza, walikuwa wameisimamisha baiskeli yangu. Naiita yangu kwa sababu kati ya akina mama wa miaka hamsini kwenda juu hakuna aliyekuwa mbele yangu, na zawadi ya kundi letu ilikuwa hiyo: nyeusi, mpya, na nyuma ina keria pana ya kubebea mzigo. Lakini nilikuwa siendi. Nilikuwa nakimbia palepale niliposimama, goti juu, goti chini, mikono inapiga hewa, mdomo unaimba wimbo wa kilabu. Watu wa mtaa wetu wa Ngagara waliojipanga pembeni walishangilia kwanza, kisha wakaanza kucheka. Mwanaume mmoja aliuliza kama mama huyu ameshikwa na kitu, wamwite shehe.

Nikiwa hapo, goti juu, goti chini, akanipita wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Alivaa viatu vyeupe ambavyo havijawahi kuona vumbi, na miwani ya jua, na alikuwa na mwendo wa mtu aliyebeba trei la mayai. Jasho hata tone. Alipofika usawa wangu alipunguza, akanitazama kuanzia miguuni.

"Wifi," akasema, "unangoja bisi ije ikubebe hapo? Mafuta hakuna."

Akaenda akakata utepe. Na mimi goti juu.

Nataka kueleza aliyenifanyia hivi, maana hapa Ngagara wanaisimulia vibaya. Wengine wanasema nilipandwa na shetani. Wengine wanasema sukari ilinipanda kichwani. Apana. Nilipuliziwa filimbi. Majina sitaandika, kwa sababu wajukuu wetu wanacheza pamoja, lakini udugu na vyeo nitavitaja, na kila mmoja atajijua.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Kukimbia sikufundishwa na mtu. Miaka ile ya vita nilikimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na njiani hakuna aliyenipa maji wala namba ya kubandika kifuani. Nikapona. Baada ya hapo niliapa sitakimbia tena, mutu akitaka kuniua anikute nimekaa. Halafu miaka imepita, daktari akaniambia sukari imepanda, nitembee. Nikamwambia natembea kila siku kutoka Ngagara mpaka ziwani upande wa Kibenga kuchukua ndagala, wale samaki wadogo, ninarudi nazo kichwani, tangu mafuta yalipokuwa kitu cha kusikia tu na bisi kitu cha kuota. Akasema basi nikimbie. Ndivyo nilivyoingia kilabu.

Kilabu chetu ni kama vilabu vingine vyote vya Bujumbura. Jumapili asubuhi watu wanatoka na fulana za rangi moja, wanapanga mistari miwili, wanakimbia barabarani wanaimba, na wakimaliza wanakwenda kula brosheti za mbuzi na kurudisha unene wote walioupunguza. Mwenyekiti wetu ndiye mume wa huyo wifi yangu. Kwa hiyo nyumbani ni shemeji, kilabuni ni mwenyekiti. Kazaliwa Ngagara kama sisi, akapata kazi ya ofisini, akahamia Mutanga Sud kwa wenye pesa, lakini uongozi wa kilabu hakuhama nao wala hakuuacha. Ana filimbi ya chuma shingoni. Ukiisikia mara moja, badilisha wimbo. Mara mbili, punguza mwendo. Ikipigwa ndefu, wewe wa mbele unasimama ulipo, unakimbia palepale, wenzako wanajipanga nyuma yako, mpaka yeye afike mbele na wote waungane tena. Hakuna kukimbia zaidi ya mwenyekiti. Mwenyekiti mwenyewe ana tumbo, kwa hiyo ile ndefu tunaisikia sana.

Sababu yake anaitoa kila Jumapili, na sisemi ni sababu ya kipumbavu. Anasema katika mji huu mutu akikimbia peke yake watu wanajiuliza amekimbia nini. Wakikimbia wengi, mmoja huku mwingine kule, watu wanafunga maduka. Lakini wakiwa mistari miwili na wanaimba, hata mtoto anajua ni spoti. Hapo nilikuwa namwelewa kuliko wote. Miguu yangu ilizoea ile filimbi kama mbuzi anavyozoea kamba. Sikuwa nafikiri tena. Ikilia ndefu, goti linapanda lenyewe.

Dalili ya kwanza kwamba filimbi hii itanimaliza niliipata ziwani. Kulikuwa na mashindano ya vitu vitatu kwa mfululizo, kuogelea, baiskeli, na kukimbia, wenye Kifaransa wanayaita triyatlo. Mwenyekiti akatuandikisha wote. Mimi niliona neema, maana nimekulia kando ya ziwa, na baiskeli nilikuwa naendesha tangu msichana nikipeleka samaki. Kumbe alitaka na majini tuogelee mistari miwili. Yeye alibaki ufukweni na filimbi yake, akisema kiongozi anatakiwa kuonekana.

Mwenzangu wa mstari alikuwa mhasibu wa kilabu, mutu mkubwa, wa kilo nyingi. Aliniapia kwamba anajua kuogelea. Na kweli alijua, alijifunzia kwenye bwawa la hoteli, pale ambapo ukichoka unasimama. Tulipofika katikati ya madumu ya njano waliyoyaweka yaelee kuonyesha njia, akachoka, akataka kusimama. Chini hakuna kitu. Akasimama juu ya mguu wangu. Sikupiga kelele, maana ukifungua mdomo ziwa linaingia. Nilimvuta mtu yule mpaka ufukweni kama mtumbwi uliotoboka, kilemba changu kikabaki huko huko. Alipogusa mchanga akainuka, akanyoosha mikono juu, watu wakampigia makofi kwa mwendo wake. Sehemu ya baiskeli niliifanya nimelala ndani ya bajaji, natapika.

Jioni mwenyekiti alinijia na machungwa. Akasema sasa mimi nimeona faida ya mistari miwili, maana ningekuwa peke yangu mhasibu angekufa. Nikamjibu kwamba ningekuwa peke yangu ningekuwa wa kwanza. Akacheka, akadhani ni mzaha.

Sasa ndipo likatangazwa hili shindano la kukimbia, kutoka Kibenga kando ya ziwa mpaka kiwanja cha hapa Ngagara. Duka moja lililofunguliwa karibuni lilitoa baiskeli kwa kila kundi la umri. Niliposikia keria pana sikulala vizuri. Nilishaona beseni langu la ndagala limefungwa pale nyuma kwa mpira, na shingo yangu imepumzika. Shingo hii imebeba vya kutosha. Nikaenda kujiandikisha, wakaniambia akina mama wa umri wangu waliojiandikisha ni mimi peke yangu, kwa hiyo kazi yangu ni kufika tu. Nilirudi nyumbani nikipima kwa macho pale sebuleni nitakapoiegesha.

Kosa langu, nilimwambia wifi jambo hilo. Wifi yangu huyu, tangu nimfahamu, ana miaka arobaini na mitatu. Mume wangu amekufa akimwacha na arobaini na mitatu. Mtoto wake wa kwanza ameoa, mama bado arobaini na mitatu. Asubuhi ya shindano nikafika Kibenga nikamkuta ameshabandika namba kifuani, katika kundi langu, na kitambulisho kinasema hamsini na mmoja. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema miaka inakimbia, wifi. Tena huyu si mwanachama. Kilabu alikikataa tangu mwanzo, anasema fulana yetu inamfanya aonekane mnene.

Sikuogopa. Mtu anayekwenda sokoni kwa gari la mumewe atanipata wapi? Tukaanza. Gari la kutangulia halikuwa na tone la mafuta, kwa hiyo tuliongozwa na mwanaume mmoja juu ya baiskeli, ambaye kila tukipita mbele ya watu anaowajua alikuwa anasimama kuwasalimia. Mwenyekiti alikuwa ametuonya mapema kwamba tutaingia kiwanjani pamoja kama kilabu, mgeni rasmi atatutazama. Nilimsikia kwa sikio moja. Nilikimbia. Nilipita barabara ile ninayoipita kila siku na beseni, na siku hiyo kichwa kilikuwa chepesi mpaka nilikuwa nakishika kuhakikisha kipo. Wanakilabu wote niliwaacha nyuma, na wifi sikumwona tena.

Nikaingia Ngagara, nikaingia kiwanjani, nikauona utepe. Ndipo filimbi ikalia kutoka kwenye kona ya nyuma, ya kuingilia kiwanjani. Ndefu.

Goti likapanda lenyewe. Nililiambia goti liende mbele, likapanda juu. Wenzangu wakaanza kufika mmoja mmoja, na wao wakasimama, wakajipanga nyuma yangu mistari miwili, wakapokea wimbo. Nilipojikusanya nikataka kuchomoka, mtu akanishika fulana kwa nyuma. Alikuwa mhasibu, yule yule wa ziwani, na kushika kwake nakujua.

"We mama, ngoja," akasema. "Tuingie wote. Umoja."

Hapo ndipo wifi akapita na habari zake za bisi. Nyuma yake, taratibu, akaja mwenyekiti ameshika kiuno, akajiweka mbele yetu, tukaingia wote tukiimba. Mgeni rasmi alisimama kutupigia makofi. Alisema hajaona nidhamu kama ile.

Baadaye, kwenye brosheti, mwenyekiti alitoa hotuba ndefu mpaka nyama ikapoa. Akaniita mbele, akanipa chupa ya chai, zawadi ya mwanachama mwenye nidhamu. Chupa yenyewe inavuja. Nilimuuliza hapo hapo, mbele ya watu, kwa nini alipuliza wakati mimi nimeshafika. Akashusha sauti, akasema, shemeji, mambo ya nyumbani tusiyalete kilabuni. Siku ya pili nikaenda kwake Mutanga Sud, nikamuuliza tena. Akasema, mama, mambo ya kilabu yana mahali pake, tutayazungumza kilabuni. Nimekwenda na kurudi hivyo mara nyingi kuliko shindano lenyewe. Kila nikimshika shemeji ananiambia nimtafute mwenyekiti, na mwenyekiti nikimpata amegeuka shemeji.

Baiskeli nimeiona. Iko sebuleni kwao, nailoni za dukani bado hazijatolewa, na juu ya keria wifi ametandika kitambaa cha kufuma, kile cha kuweka juu ya makochi, na ua la plastiki. Kuendesha hajui. Nilimwomba aniazime siku za kwenda ziwani tu. Akasema itachubuka rangi.

Mhasibu ndiye aliyefungua mdomo, Jumapili moja, akiwa kwenye bia ya tatu. Aliniambia yeye hataki maneno, lakini pale kwenye kona aligeuka nyuma akamwona mwenyekiti na mke wake wamesimama pamoja. Mke anaongea. Kisha mke akanyoosha kidole kule kiwanjani, nilipokuwa mimi. Kisha filimbi. Nikamuuliza kwa nini basi yeye alinishika fulana. Akasema, "Mi nilisikia filimbi kama we."

Ndiyo sababu naandika. Hapa kwenye karatasi siyo nyumbani na siyo kilabuni, shemeji hawezi kunielekeza pengine. Mimi kesho alfajiri nakwenda Kibenga kwa miguu, na beseni kichwani, na nitarudi nalo limejaa. Shemeji, kama mke wako alishinda kwa miguu yake, sema, nitampa mkono na nitanyamaza. Lakini sema kwanza hili, kwa mdomo wako, mbele ya kilabu na mbele ya nyumba yako. Ulipoweka ile filimbi mdomoni, ulitaka kilabu kiungane, ao ulitaka mimi nisimame? Nani alikutuma? Jibu.