Ombi la Tatu

Mvua ikinyeshea mawe ya kujengea yaliyochongwa juzi, hutoa harufu fulani ya vumbi na baridi kwa pamoja. Kitengela huwezi kuikwepa, maana kila kona kuna mtu anajenga. Wenzangu husema inanukia vizuri. Mimi hunipandisha hasira, na leo nitawaambia kwa nini, maana nimenyamaza miaka mingi mno.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumepanga nyumba upande wa mbugani, mahali mji ulipoishia na mbuzi wa Wamaasai wakaanzia. Kanisa la kigango chetu lilikuwa linajengwa kwa mawe yaliyotoka katika machimbo ya mheshimiwa mmoja. Kila lori lake likiingia uwanjani kina mama walipiga vigelegele, na mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza. Vigelegele vyake viliwafanya mbwa wa mtaa mzima wabweke. Alilipenda kanisa lile kabla halijawa na paa.

Lakini mawe yakitoka mahali, mahali hapo hubaki shimo, na hilo hakuna aliyelisema. Machimbo yaliachwa wazi, bila ua, bila hata kibao. Mvua ilipokuja yakajaa maji ya kijani, yaliyotulia tuli. Jumamosi moja Naserian, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, aliwapeleka mbuzi wa kwao kunywa maji hapo. Aliteleza. Mbuzi walirudi nyumbani bila mchungaji, hata mmoja hakupungua.

Ilikuwa Kwaresma. Jumuiya yetu ndogo ilikutana kwetu sebuleni kila wiki na kijitabu chenye picha na hatua tatu: tazama, pima, tenda. Mama alikuwa mwenyekiti. Kwa kawaida tukifika kwenye "tenda", watu walianza kuchungulia jikoni kama chai imeiva. Juma lile hakuna aliyechungulia. Mama Naserian alikuwa amekaa karibu na mlango, amempakata Sision, binti yake mdogo, ambaye sasa ndiye angechunga mbuzi. Kiswahili cha mama huyo kilikuwa kidogo. Nyumbani alisali kwa Kimaa, ila majibu ya Misa aliyajua yote kwa moyo.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yetu kuongoza liturujia, na mimi nilichaguliwa kusoma maombi ya waamini. Mama aliyaandika mwenyewe, na usiku mzima haukumtosha, hivi ndivyo alivyosema, ingawa yalikuwa matatu tu. La kwanza la Baba Mtakatifu, la pili la wagonjwa, la tatu la shimo. Kabla ya Misa akamwinulia Mama Naserian vidole vitatu.

"Ya tatu," akamwambia polepole. "Ya tatu ni ya mtoto wako. Na mheshimiwa atakuwa hapo mbele, atasikia."

Mama Naserian alivitazama vile vidole kwa muda, kisha akaitikia kwa kichwa.

Katekista alinipokea karatasi sakristia, akaisoma akiwa amesimama.

"Nani ameandika hii?"

"Ni Mama."

Akatoa biro mfukoni, akalikata ombi la tatu kwa mistari miwili iliyonyooka, akaandika jingine chini ya karatasi. Alikuwa mtu nadhifu. "Hii ruka," akasema. "Mambo ya shimo ni ya chifu na polisi, si ya altare. Soma yenye nimekuandikia hapa chini." Hakunikaripia. Alinitengeneza kola, akaniambia nisome kwa sauti ili hata walio nyuma wasikie. Upole ule ndio unaonichoma mpaka leo. Angenipiga kofi, ningejua kwamba kuna kitu kibaya kinafanyika.

Nikasoma. "Tumwombee mfadhili wetu, Mungu ambariki yeye na kazi ya mikono yake, ili nyumba hii ikamilike. Ee Bwana." Nilikuwa na hofu moja tu, nisije nikajikwaa kwenye neno "mfadhili". Sikujikwaa.

"Twakuomba utusikie," watu wakaitika, na juu ya sauti zote ikapanda moja, kubwa, yenye kukwaruza. Ilikuwa ya Mama Naserian. Mheshimiwa, kwenye kiti chake cha mbele, akafanya ishara ya msalaba. Mama yangu hakuitika.

Baada ya Misa nilimwendea Mama Naserian nikainamisha kichwa, kama watoto wanavyowasalimu wakubwa kwa Wamaasai. Aliuweka mkono wake utosini, akauacha pale kwa muda mrefu.

"Umesoma mzuri," akasema. "Ile ya tatu. Mungu akuweke."

Nilifurahi. Siwafichi, nilifurahi sana, nikarudi nyumbani nikirukaruka.

Nyumbani Mama aliitaka karatasi. "Nani amekata?"

"Ni katekista."

"Na wewe ukasoma."

"Aliniambia nisome."

Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake. Asubuhi yake alichukua panga, akaenda na kina mama wachache wa jumuiya wakakata matawi ya miiba, wakalizungushia shimo miiba hiyo, jinsi boma la mbuzi linavyozungushiwa. Mama Naserian, ambaye kazi ile aliijua kuwashinda wote, hakwenda. Nilidhani ni majonzi.

Miaka ilipita, nikaenda chuo. Likizo moja nilimkuta Mama Naserian akiuza maziwa kando ya barabara. Nikainamisha kichwa, mtu mzima mimi, naye akanigusa. Nikamuuliza habari za shimo.

"Bado," akasema. "Lakini ataziba. Siku ile ulisoma, kanisa yote iliomba. Hata yeye niliona amefanya msalaba. Mtu hawezi omba hivyo mbele ya Mungu halafu asifanye."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa ameyaelewa maneno niliyosoma. Alikuwa akihesabu maombi, na lilipofika la tatu akaliitikia kwa nguvu zake zote, akijua ni la mtoto wake. Miaka yote hiyo alikuwa akimngoja mtu aliyebarikiwa, ambaye hakuna aliyewahi kumwomba chochote. Mama alijua, na hakuweza kumwambia. Na mimi pale barabarani, na elimu yangu yote, nilinunua maziwa nikaenda zangu.

Nimemkasirikia katekista na biro yake. Nimemkasirikia mheshimiwa. Nimezikasirikia kuta zile nzuri, ambazo watu huja kupigia picha za harusi. Lakini sauti iliyosoma ilikuwa yangu. Sision alikua salama kwa sababu ya miiba, ambayo Mama aliibadilisha kila mvua hadi miguu ilipomkataa.

Mama alifariki mwaka jana. Biblia yake ninayo, na karatasi imo. Wino wa biro ya katekista umefifia, na maneno ya Mama chini ya ile mistari miwili yanasomeka vizuri. Shimo liko wazi hadi leo. Mama Naserian, ile ya tatu ilikuwa hivi:

"Tuwaombee wenye machimbo, waone haya, wazibe mashimo yao kabla mtoto mwingine hajazama. Na sisi tuliopokea mawe, tuone haya pia. Ee Bwana."