Firigisi ya Kanga

Jirani yangu hapa Lodwar ana mazoea ya kumbabua kuku juu ya jiko la makaa akishamnyonyoa, ili vile vinyweleo vya mwisho viungue. Huifanya kazi hiyo Jumapili tukishatoka kanisani, na harufu ya manyoya yanayoungua hupita juu ya ukuta wa mabati ikaingia kwangu bila kubisha hodi. Wengine hufunga madirisha. Mimi, haki ya Mungu, huyafungua nikavuta pumzi mpaka mume wangu huuliza kama niko sawa. Pua yangu inakuwa imenirudisha Kakuma, uani kwetu, siku ambazo nyanya yangu alikuja kunichukua.

Sisi ni watu wa Kimilili. Baba alikuwa fundi wa visima wa serikali, na alipopewa uhamisho wa kwenda Turkana watu walikuja nyumbani kumpa pole kama aliyefiwa. Tukaenda. Mama akafungua kibanda cha nguo sokoni Kakuma, Baba akawa mtu wa kuondoka na gari la pampu na kurudi amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, na mimi nikaachwa mikononi mwa jirani yetu Mturkana, Mama Akiru.

Jamani, nitamweleza vipi Mama Akiru? Alikuwa mwembamba, shanga zimempanda shingoni hadi kidevuni, na mikono yake haikujua kuharakisha wala kukosea. Kwake ndiko nilikojifunza kula. Mumewe alitega matanzi kando ya laga ya Tarach, mto mkavu unaotiririka mvua ikinyesha tu, na kilichonasa ndicho kilichokuwa chakula. Sungura alitupwa motoni na ngozi yake; ikishaungua, Mama Akiru alimtoa, akamkwangua kwa kisu kidogo, akamrudisha kwenye majivu ya moto hadi mafuta yaanze kutoa sauti. Nungunungu aling'olewa miiba kwanza, na mimi na Akiru, bintiye wa rika langu, tuliigombania tuichomeke nyweleni. Nyama yake ilikuwa nyeupe na laini, ina mafuta ya kuteleza midomoni. Kobe alinipa shida kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeshampa jina. Nililia, kisha nikala.

Sasa, Krismasi ikafika tukaenda nyumbani. Shangazi, mbele ya ukoo mzima, akaniuliza kwa sauti tamu, "Na huko mnakula nini, mwanangu?" Mimi nikajibu nilivyoulizwa. Nikaanza na sungura, nikaenda kwa nungunungu, nikafika kwa kobe na jina lake. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza lakini nilikuwa nimeshakolea. Shangazi akaweka kijiko chini. Nyanya yangu, mama yake Baba, mwanamke mrefu wa maneno machache na kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, alinitazama tu, akaendelea kuchambua mboga.

Likizo ya Agosti Nyanya akaja. Baba alienda kumpokea Lodwar kwenye basi la Kitale, na alipofika kwetu, kabla hata hajanywa maji, alifungua mfuko akatoa sweta. Sweta ya shule ya Kimilili, ya kijani, amenikadiria mwili kwa macho tu. Fikirini sweta, kwenye jua la Kakuma! Nilivalishwa pale pale, jasho likanitoka hadi nikaona nyota. "Itamtosha," Nyanya alisema, na Mama akageukia ukutani. Hapo nikaelewa kwamba mpango ulishakamilika. Alikuwa anakaa wiki moja kisha tunaondoka wote wawili, mimi nikasome mahali ambapo watu wanakula chakula cha watu.

Mama aliipigania nafasi yangu kwa namna aliyoijua. Alinunua nyama ya ng'ombe kila siku, akaipika hadi ikapoteza fahamu. Nilikatazwa kutaja mnyama yeyote asiye na pembe. Na Mama Akiru aliombwa, kwa upole sana, asilete kitu.

Lakini Mama Akiru alikuwa amesikia kwamba mama wa mwenye nyumba amekuja kutoka mbali, na kwao haiwezekani mgeni wa namna hiyo akae jirani asionje nyama ya mkono wako. Mbuzi wake hawakuwepo. Kiangazi kilikuwa kimewala wengi, na waliobaki walikuwa malishoni huko Lokiriama. Kwa hiyo mumewe akarudi tena kwenye matanzi yake. Asubuhi moja, Baba akiwa safarini kwenye visima, Mama Akiru akaingia uani kwetu na Akiru nyuma yake, mkononi ameshika kanga wawili miguu juu, wale ndege wa madoadoa wenye kichwa cha buluu.

"Ejok," akasalimu. "Mama mkubwa, wewe nakaa chini. Leo moto ni yangu."

Mama alifunga macho. Nataka mwelewe kilichomtisha. Wanawake wa rika la Nyanya kwetu sisi Wabukusu hawakula kuku. Walimfuga, walimnyonyoa, walimpika kwa ustadi ambao sijauona tena, kisha wakawapakulia wanaume, na firigisi ikawekwa kwenye sahani ya mwenye nyumba, peke yake, kama zawadi. Hata kanisa lilipohubiri kwamba vyakula vyote ni halali, Nyanya aliitikia amina na hakuonja. Na kwake yeye, kanga alikuwa kuku tu aliyetoroka nyumbani.

Mama Akiru akawasha kuni, akamtupa kanga wa kwanza motoni na manyoya yake yote. Moshi ukapanda, na harufu niliyowaambia ikajaa ua mzima.

Nyanya akasimama. "Ala! Ndege mnamchoma na nguo zake?"

Nikajua basi, kwaheri Akiru. Lakini Nyanya hakuingia ndani kufunga virago. Alijifunga leso kiunoni, akaagiza maji ya moto, akamchukua yule kanga wa pili. Oh, laiti mngeiona mikono ile! Alimchovya ndege, akamgeuza, akayavuta manyoya kwa vishungi bila kuichana ngozi hata mahali padogo. Akavua magamba ya miguu kama anayevua soksi. Akapasua, akaingiza vidole viwili, nyongo ikatoka nzima, na firigisi akaikata katikati, akaipindua, akaimenya ile ngozi ya ndani kwa mvuto mmoja. Mama Akiru aliacha moto wake akaja kuchuchumaa karibu, akitazama. Kisha Nyanya naye akasogea kwenye makaa, akatazama jinsi ndege wa Mama Akiru anavyokwanguliwa, ngozi ikatokea ya dhahabu. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na Kiswahili cha wote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Walionyeshana kwa visu. "Mm," alisema mmoja. "Mm," alijibu mwingine. Mama na mimi tuliwasogezea kuni na maji, tukiogopa kuharibu.

Sufuria ya Nyanya ikaiva. Akapakua, na firigisi akaiweka kando chini ya kifuniko, ya Baba, ingawa Baba alikuwa mbali na hatukujua atarudi lini. Desturi haikumngoja mtu awepo.

Ndipo Mama Akiru akatoa ndege wake kwenye majivu. Akafungua tumbo, akatoa firigisi ya moto, akaikung'uta mchanga wa ndani, akaipangusa kwa kiganja, akaivunja kidogo kuona kama imeiva. Akainyoosha kwa mikono miwili mbele ya Nyanya.

"Mama hali kuku," Mama alisema haraka. "Samahani, Mama Akiru. Ni mambo ya kwetu."

"Hii si kuku," Mama Akiru akasema. "Hii kanga." Mkono wake haukurudi.

Nyanya akaitazama ile nyama. Halafu akamtazama Akiru aliyekuwa ameketi kando yangu, mbavu zake zinahesabika, na akatazama mikono iliyokonda ya mama yake. "Muulize," akamwambia Mama, "ndege wangapi wamebaki nyumbani kwake."

Mama akauliza. Mama Akiru akacheka kidogo, akaonyesha moto kwa kidevu. Walikuwa hao wawili tu.

Nyanya aliinamisha kichwa. Nilimwona akiomba, na nilidhani anaomba nguvu ya kukataa bila kuudhi. Akaipokea firigisi. Akaiweka mdomoni. Akaitafuna polepole sana, akitazama mbele, na sisi wote tukiitazama shingo yake mpaka ilipomeza.

"Imekosa chumvi kidogo," akasema.

Mama aliangua kicheko kilichochanganyika na kilio. Nyanya akanyoosha mkono, akafunua kile kifuniko, akachukua firigisi ya Baba, akampa Mama Akiru. Kisha akakaa chini kabisa, vumbini, akanyofoa paja, akalila hadi mfupa. Katikati ya kula aliacha kutafuna akasema kwa hasira ya kweli, "Kumbe! Miaka yote hii wanaume wanakula hii peke yao, na hakuna aliyeniambia!"

Siku ya kuondoka alikunja sweta akairudisha mfukoni mwake. "Mtoto akae," alimwambia Mama. "Hapa ana watu. Lakini mfundishe kunyonyoa." Akanigeukia mimi, kidole juu. "Na wewe, safari hii shangazi akikuuliza, hujui kitu."

Shangazi sikumwambia. Nilikuwa nikijiona shujaa kwa sababu nimekula nungunungu na kobe, na kwa miaka mingi nilidhani Nyanya siku ile alikuwa amefikia tu ujasiri wangu. Sasa nimekua, najua ujasiri wangu ulikuwa mwepesi. Mimi nilikula kwa kuwa sikuwa nimekatazwa kitu. Yeye aliweka chini jambo alilolibeba tangu akiwa msichana, mbele ya mkwe wake na mjukuu wake, ili mwanamke aliyeleta chakula chake chote asirudi nyumbani na mkono uliokataliwa. Nampenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kusema.

Nilipomaliza chuo nilienda Kimilili kuagana naye kabla sijaanza kazi Lodwar. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, lakini jikoni bado alikuwa yeye. Alipika jogoo. Ami zangu walikuwa wameketi wamenawa mikono, wanangoja. Nyanya akapita na sufuria, akawapita wote, akaiweka firigisi kwenye sahani yangu.

Ami mkubwa akakohoa. "Mama, hiyo ni..."

"Naijua," Nyanya alisema. "Nimeipika tangu hujazaliwa."

Akasimama mbele yangu, sufuria mikononi, akingoja. Nikaitia mdomoni, nikaitafuna polepole, macho mbele.

"Imekosa chumvi kidogo, Nyanya," nikasema.

Akacheka mpaka akaomba kiti. Ami zangu walitutazama, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaeleza.