Orodha Uliyoibandika Mlangoni

Siku ile ya kosa langu naikumbuka mpaka leo, mwanangu Jestina, lakini wewe umenifanya niikumbuke kwa hasira. Asubuhi hii nimepita shuleni kwako hapo Tunduma kukuletea viazi, kama shangazi anavyompelekea mtoto wa kaka yake, nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa darasa lako. Majina kumi na manne kwa kalamu nyekundu, na juu yake umeandika: WALIOKUWA LIKIZO. Likizo gani? Mlinzi akanieleza kuwa hao ni watoto ambao, miezi yote mitatu shule ilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa, hawakutuma kazi zao kwenye simu ya mwalimu. Viazi nimevibwaga kwa mlinzi nikaondoka. Nisingeweza kukutazama usoni bila kukutukana mbele ya wanafunzi wako.

Usinune. Nisikilize mpaka nimalize, maana hasira hii nusu yake ni yako na nusu yake ni yangu mwenyewe. Jina la tano kwenye orodha yako ni la Neema, yule anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nimemkuta barabarani saa nne asubuhi, anapita kwenye foleni ya malori na ndoo ya mayai ya kuchemsha. Nikamwuliza, kulikoni, si shule zimefunguliwa? Akaniambia, "Bibi, mimi si niko likizo? Mwalimu ameandika." Akacheka. Halafu akainamisha uso na kuanza kupanga mayai ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Mwanangu, hata mimi niliwahi kuwa na kalamu nyekundu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, nikapangiwa shule moja ndogo bonde la Msangano. Mwaka wa pili kipindupindu kikaingia. Tulifunga shule mpunga ukiwa haujachanua, tukaja kufungua watu wanavuna. Simu za mkononi hazikuwepo, kulikuwa na vipindi vya masomo redioni, basi mimi nikajiona mjanja kuliko walimu wote wa tarafa. Niliandika maswali kwa karatasi za kaboni, nikapanda baiskeli, nikawagawia mabalozi wa nyumba kumi wayafikishe kwa watoto. Sikilizeni redio saa nne, jibuni maswali, siku ya kufungua mlete. Nikarudi nyumbani kulala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Siku ya kufungua niliingia na chaki mkononi. Wakasema shikamoo mwalimu, nikasema marahaba kaeni, nikaandika hesabu ishirini ubaoni. Sikuuliza nani amekuja na nani hakuja. Mtu mzima niliye leo angenichapa kibao.

Kulikuwa na binti wa darasa la sita, Eliza Nambeye. Huyo, mwanangu, ukimwandikia hesabu alikuwa anaijibu kabla hujaweka alama ya sawasawa. Enzi zile kata nzima ilikuwa inatoa watoto wawili watatu wa kwenda sekondari, na mimi nilikuwa nimeshatangaza kwamba mmoja ni yeye. Siku hiyo karatasi yake ilikuwa nyeupe. Nikamwita mbele.

"Redio kwenu hakuna?"

"Ipo, mwalimu."

"Betri hazina nguvu?"

"Zina nguvu, mwalimu."

"Basi miezi yote hii ulikuwa unafanya nini?"

Akanyamaza. Nikadhani ni kiburi. Nikawageukia wenzake nikasema, "Mtazameni vizuri huyu. Atafukuza ndege kwenye mpunga wa watu mpaka azeeke." Nikaanza kucheka mimi, ndipo darasa likacheka. Eliza aliikunja ile karatasi mara nne, akaiweka juu ya meza yangu kwa mikono miwili, akatoka.

Nilimsubiri siku tatu nikiamini ataletwa na mzazi kuomba msamaha. Ujinga wa ujana una uvumilivu wake. Siku ya nne nikachukua baiskeli nikaenda kwao kugomba.

Nilimkuta bibi yake peke yake. Aliponiona akapiga magoti kidogo, akanipigia makofi yale ya taratibu ambayo sisi watu wa Momba tunampokelea mgeni, mimi niliyekuwa sawa na mjukuu wake. Akanipa kigoda chini ya upenu. Akaninawisha mikono. Akaleta ugali na kambale. Mara tatu nilifungua mdomo nimweleze utovu wa nidhamu wa mjukuu wake, na mara tatu akaniambia, "Kula kwanza, mwalimu." Nikala. Alipokwisha kuondoa vyombo, akakaa kwenye mkeka, akanitazama.

"Sasa umeshiba," akasema. "Tangu umefika hapa, nimekuuliza neno?"

"Hapana, bibi."

"Nimekuuliza umeleta nini?"

"Hapana."

"Mjukuu wangu alikuja kwako akitoka mbali kuliko wewe. Mama yake tumemzika bila kumwosha. Watu wa afya wamemfunga kwenye nailoni, matanga tumekatazwa, majirani wanatupungia mkono wakiwa kule njiani. Ile redio yako ilikuwa inasema, na yeye anafua mashuka ya mama yake. Miezi mitatu hakuna mtu aliyemshika mkono mtoto huyu akamwambia pole. Akaniambia, bibi, shule ikifunguliwa mwalimu atanipa pole. Ile sare ameifua mara mbili. Akafika kwako. Wewe ulimpokea na nini?"

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikuwa nimeipima kwa hesabu ishirini. Nilitamani yule bibi anitukane, apaze sauti, lakini hakupaza. Nikasema nataka kumwona Eliza nimwombe radhi. Akasema, "Ameshavuka." Alikuwa amepelekwa kwa mama yake mdogo upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kulea mtoto. Niliandika barua mbili, nikaenda mwenyewe mara moja. Alitoka mlangoni na mtoto mgongoni, akanisalimia vizuri sana, akasema huku ameshazoea. Hakurudi shule tena.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na huyu wangu ameshanizeekea. Mwaka juzi nilikutana na Eliza pale Mlowo, ananunua mahindi ya jumla. Mpima mizani alikuwa bado anabonyeza kikokotoo, yeye ameshataja jibu. Aliponitambua akainama, akapiga makofi taratibu, shikamoo mwalimu. Akanitafutia kiti nikae kabla hajaniuliza naelekea wapi. Nilikaa pale nikanywa soda aliyoninunulia.

Ndiyo maana nimekasirika, Jestina! Nilidhani kosa lile nimelifanya kwa niaba ya ukoo mzima. Nani alikuambia Neema ana simu? Simu iliyopo ni moja, inaamka na mama yake saa kumi na moja kwenda sokoni, na nyumbani wamebaki watoto wanne. Lile bando unaloweka wewe bila kufikiri, kwao ni mboga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hao wakubwa wanaokuhimiza ufidie mada kwa haraka, waambie mada haiingii kwenye kichwa kilichojaa msiba. Haraka haraka haina baraka, walituimbia tangu chekechea, lakini tukipewa vyeti tunasahau. Nasi wazazi tuna lawama yetu, tuliozoea mapato ya ndoo za mayai tukanyamaza. Hilo nitawaambia wenyewe Jumapili, tena kwa sauti.

Sasa shika haya. Karatasi ile iondoe leo, kabla sijaja kuibandua kwa kucha zangu. Halafu nenda nyumba kumi na nne, kwa miguu, bila daftari. Ukifika kaa unapokaribishwa, kunywa unachopewa, toa pole palipo na pole, na neno la masomo lije mwisho. Watakaporudi, wiki ya kwanza usiwape mtihani. Waache wazungumze, wacheze, waimbe jedwali la kuzidisha wakiwa wamekaa duara. Hapo utaona mwenyewe nani amesahau nini, na utaanzia pale alipo, si pale kitabu kinaposema angekuwa. Yule anayesinzia mwulize kama amekula. Yule aliyenyamaza usimtafsirie ukimya wake kama mimi nilivyofanya. Kaa naye wakati wenzake wametoka, hata kama hasemi kitu. Aliyepata masomo ya simu mketishe na aliyekosa, wasomeshane, bila kuambiwa nani ni nani.

Na fanya hima. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na kutoka darasani kwako mpaka ng'ambo ni mwendo wa dakika chache tu. Mtoto havuki mpaka kwa kishindo. Anakunja karatasi yake mara nne, anaondoka.

Hasira yangu isikuondolee baraka, maana hata nikigomba mimi ni shangazi yako. Mungu aliyenipa ualimu akupe ule ambao mimi niliukosa siku ile. Akupe mikono inayopokea kabla ya kuandika, na macho yanayomwona mtoto kabla ya karatasi yake. Watoto wako wote wafike mwisho wa mwaka, asikosekane hata mmoja.

Vile viazi viko kwa mlinzi. Anza safari yako navyo, mpelekee mama yake Neema vyote. Vyako nitaleta siku nitakayomkuta Neema kwenye dawati.