Flashi ya Koti la Kijivu

Mtaa mzima ulimwita Mama Chapa. Alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi ubavuni mwa chuo cha ufundi, chumba chembamba chenye mashine ya kopi, kompyuta kuukuu na benchi la wateja. Mumewe, karani wa bohari, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa koo uliomnyang'anya sauti kwanza kabla ya kummaliza mwenyewe. Mwishoni alizungumza kwa kuandika kwa kidole kwenye kiganja cha mkewe, na mkewe akisoma vibaya makusudi ili amchekeshe.

Msimu wa mitihani, kompyuta ikagoma. Inawaka, inaganda, inajizima. Wanachuo walijaa mlangoni. Binamu yake, fundi wa kompyuta, akamwelekeza kwa simu: aazime laptopu, atengeneze flashi ya kuiamshia ile iliyogoma.

Binti yake wa pekee, mchumba wa watu tayari, akaja na laptopu ya kazini kwake. Flashi ya kwanza walipoichomeka, kimya. Wakabadilisha tundu, wakapuliza vumbi, wakazima na kuwasha. Wapi!

"Hiyo imekufa," binamu akasema simuni. "Tafuteni nyingine, yenye nafasi zaidi."

Mama Chapa akakumbuka koti la kijivu la marehemu, ambalo hakuwahi kuliondoa nyuma ya mlango wa chumbani. Alishawahi kupapasa flashi mfukoni mle. Akaenda, akarudi nayo mbio. Ilipochomekwa taa yake iliwaka, laptopu ikalia, lakini flashi yenyewe haikuonekana popote kwenye skrini.

"Maadamu taa inawaka, iko hai," binamu akasema. "Fungueni pale panapoonyesha diski zote."

"Naiona," binti akajibu, "ila haina herufi ya kuitambulisha kama diski nyingine."

"Ndiyo maana inajificha. Ipeni herufi yoyote, kisha rudini kwenye ile programu ya kutengenezea flashi."

Ikajitokeza. Wanachuo wakashangilia kama wamefunga goli. Programu ikatoa onyo: kila kilichomo kitafutwa, uendelee?

"Mama, humu hamna kitu?"

"Mambo ya bohari tu hayo. Bonyeza, mwanangu, watu wanasubiri."

Binti akabonyeza. Kompyuta ikapona, na jioni ile mama na mwana walifunga kibanda wakicheka.

Harusi ilipokaribia, wifi yake, dada wa marehemu, akaja kibandani. Akangoja mteja wa mwisho atoke.

"Wifi, kuna amana ya kaka. Kabla hajapasuliwa koo alirekodi sauti yake mbele yangu, maneno ya kumwambia mtoto siku ya kuolewa. Alinikataza nisikwambie, alisema ungeisikiliza kila siku ujiumize bure. Imo kwenye flashi, koti lile la kijivu."

Mama Chapa hakulia. Aliendelea kulinganisha kingo za karatasi, akazilinganisha tena, mpaka zikamwagika sakafuni.

Wakaipeleka flashi kwa binamu. Akahangaika nayo kutwa nzima.

"Dada, nimechimba mpaka chini," alisema bila kumtazama usoni. "Palipokuwa na sauti pameandikwa vitu vingine juu yake."

Kilichomkata maini Mama Chapa ni kwamba sauti ya mumewe ilikwisha kuanza kumtoka kichwani. Maneno yake ya zamani aliyakumbuka. Mlio wake ndio uliomponyoka.

"Nani alibonyeza?" wifi akauliza njiani.

"Mimi. Na mtoto asijue kabisa kwamba ilikuwepo."

Asubuhi ya harusi, binti alikuwa akivalishwa, mara akageuka.

"Shangazi, hivi baba angesema nini leo?"

Wifi akamtupia jicho Mama Chapa, kisha akajibu polepole. "Angesema usikubali mtu akushushe sauti. Na mumeo akiunguza chakula, kula kwanza, cheka baadaye."

Binti akacheka huku machozi yakiharibu vipodozi. "Ni yeye kabisa! Umemwiga mpaka pumzi!"

Mama Chapa akatoka taratibu hadi uani, akasimama nyuma ya tangi la maji, akauma upindo wa nguo yake na kulia. Hakuwahi kumuuliza wifi maneno ya kwenye flashi ile yalisemaje. Na yeye ndiyo kwanza anayasikia. Walipomwita akapige picha, alinawa uso, akaenda.